Chavua ya Lingeka

Jumatatu, 3 Julai 1995

Yamedondoka tena. Yote! Hata lile tunda nene la chini, nililokuwa nalishika kila asubuhi kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Na yamedondoka mbele ya Kidato cha Tatu. Ijumaa niliwatangazia kwa mbwembwe: Jumatatu tunatoka darasani, tunakwenda kwenye mgunga wa nyuma ya bweni, mtaona okidi iliyochavushwa kwa chavua ya mmea mwingine na jinsi tunda lake linavyonenepa. Siyo yale maua ya Ulaya ya kwenye kitabu, ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuyaona. Ua la hapa Bariadi, la njano, lenye madoa kama ngozi ya chui. Tumefika — vitunda viko chini vumbini, vimesinyaa, mbuzi ameshatafuna baadhi. Msichana mmoja akauliza, mwalimu, hilo ndilo tunda? Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka kidogo. Ningefanyaje?

Mwaka juzi na mwaka jana nililichavusha ua kwa chavua yake lenyewe. Vitunda vikashika, vikanenepa, vikadondoka. Sawa, nikasema, ua hili halitaki kujichavusha, mimea ya namna hiyo ipo. Kwa hiyo mwaka huu maua ya kwanza nikayapa chavua ya okidi ya parokiani. Mti mwingine, mtaa mwingine! Kitabu kinasema hapo litashika tu. Limedondoka vilevile.

Mkuu wa shule amenikuta nimechutama chini ya mti naokota. Akasema mtihani wa taifa hauulizi okidi. Akauliza silabasi nimefika wapi. Nikasema niko kwenye uzazi wa mimea. Akasema, bado?

Limebaki shina moja lenye matumba. Moja tu.

Jumatano, 5 Julai 1995

Ng'washi anakwenda Mwanza kesho na jirani yetu Felisita kuchukua belo la mitumba. Siku hizi nyumba haikaliki kwa nguo. Makoti ya Wazungu kitandani, sidiria kwenye kiti changu cha kusahihishia madaftari! Lakini sokoni anauza, siwezi kusema hauzi.

Ameniagiza nimwangalie Milembe. Macho ya mtoto hayapendi tangu jana. Akilalamika kichwa tu, nimpeleke hospitali, nisingoje. Nimesema sawa. Amerudia. Nimesema nimesikia, mama Milembe, mimi si mtoto. Akaendelea kufunga kamba.

Jioni Mhoja amepita na pikipiki. Mwaka jana tulikuwa naye ofisi moja, anafundisha fizikia. Leo ni wakala wa wanunuzi wa pamba, ana miwani ya jua. Tangu ushirika uachwe ushindane na makampuni, walimu wanaondoka kama nyuki waliopigwa moshi. Akapaza sauti kutoka barabarani: Mwalimu Constantine, bado unaozesha maua? Akaniambia nafasi ipo, wanataka mtu anayejua kuandika na asiyelewa. Nikamwambia niache.

Ijumaa, 7 Julai 1995

Siamini. Siamini!

Nimekwenda parokiani kuangalia kama okidi yao imebakiza maua. Sista Apolonia anamwagilia mchicha. Nikamweleza kilio changu — miaka yote ile, na sasa hata chavua yake haikufaa kitu. Akanisikiliza kwa heshima. Halafu akasema, lakini Mwalimu, hii si ni ileile ya kwenu?

Ileile vipi?

Akaeleza taratibu, kama mtu anayesimulia habari ya kawaida. Upepo ulivunja tawi la mgunga wetu, zamani kidogo, kabla sijahamia. Mlinzi wa shule akalitupa. Yeye akapita, akaona mmea bado mbichi, akaubeba, akaufunga na kitambaa kwenye mkuyu wao. Ukashika. Na ile ya kwa daktari wa wilaya? Alimkatia yeye. Ile ya benki? Yeye pia. Mji mzima!

Kwa hiyo ni mmea mmoja. Umekatwakatwa na kutawanywa, lakini ni mmoja. Kuupelekea chavua ya parokiani ni kuupelekea chavua yake wenyewe kwa baiskeli. Sijawahi kuchavusha kwa mwingine hata mara moja. Nimesimama mbele ya watoto nikawaambia "mmea tofauti". Tofauti gani!

Sista akasema pole sana, angejua angeniambia. Hana kosa. Nani angemuuliza?

Nimerudi naongea peke yangu njiani. Milembe amekula kidogo, amelala mapema.

Jumamosi, 8 Julai 1995

Nina hasira na sijui na nani.

Asubuhi matumba ya shina la mwisho yamefunguka. Nikasema basi, kama nimekosea, nikosee kwa utaratibu. Nusu ya maua niyape chavua ya mmea huu huu, safari hii asubuhi kabla jua halijawa kali, niyafunge uzi mwekundu, mengine niyaache. Angalau nijue kwa hakika. Kazi yenyewe haina haraka. Unapanda ngazi, unainua kofia ndogo mdomoni mwa ua kwa kijiti, vidonge viwili vya njano vya chavua vinanata, unavishusha kwenye kishimo chenye utomvu. Mkono ukitetemeka, umeharibu.

Milembe alisema kichwa kinamuuma. Nilimpa chai na mkate. Nikamwambia lala, baba yuko hapo nyuma tu, anarudi sasa hivi.

Ng'washi alifika na belo saa za mchana. Sikumsikia. Nilimsikia alipokuwa chini ya ngazi, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alisema, anaungua, Constantine. Kwa jina langu. Hajaniita kwa jina tangu Milembe azaliwe.

Nilishuka haraka. Nikasema nilimpa chai. Nikasema alikuwa hajachemka vile nilipomwacha. Alishaondoka.

Hospitalini wamemtundikia dripu ya kwinini. Nesi aliuliza ameanza lini kuumwa. Ng'washi akasema, muulize baba yake. Mimi nikasema leo asubuhi. Ilikuwa si kweli, na alijua.

Jumapili, 9 Julai 1995

Mtoto ameamka, ameomba uji. Homa imeshuka. Mungu asante.

Ng'washi haongei na mimi. Anaongea na nesi, na Felisita, na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nimeleta uji wa ulezi kwenye chupa, ameupokea kwa mikono miwili kama unavyopokea kitu cha mgeni.

Na mimi nimechoka kuangaliwa hivi. Mtu yeyote angeweza kukosea. Homa hupanda ghafla.

Jumatano, 12 Julai 1995

Nimetoka shule, nimekuta kufuli. Ufunguo uko kwa Felisita. Ameondoka na mtoto, wamedandia lori la pamba linalokwenda Meatu. Kwao, Lingeka.

Hakuaga. Felisita anasema aliaga, mimi ndiye sikuwepo. Nikamuuliza amesema nini. Akasema: amesema ufunguo ni huu.

Ndani kila kitu kimepangwa. Kiti changu hakina nguo hata moja.

Nisimfuate. Atatulia, atarudi. Mtu haachi nyumba kwa sababu ya homa moja iliyopona! Na wazazi wake wataniona mimi ni mtu wa namna gani? Sijampiga, silewi, sina mwanamke wa nje. Nina mti.

Jumamosi, 15 Julai 1995

Ugali umeungua. Mboga ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, zilizobaki kwenye kopo, sijui alikuwa anaziloweka kwanza au vipi. Ngumu kama karatasi.

Wanafunzi wa kiume nusu hawapo, wanabeba magunia kwenye vituo vya pamba. Mkuu ameniambia nisiwatafute, kila mtu anatafuta. Halafu akaniuliza mama Milembe hajambo. Kumbe shule nzima inajua.

Vitunda vya uzi mwekundu vinaanza kunenepa. Nimeviangalia bila furaha. Nazijua tabia zake.

Jumanne, 18 Julai 1995

Maduhu amekuja. Kaka yake Ng'washi, mrefu, maneno machache. Amekuja kuchukua belo, dada yake anataka auzie kule kule. Sio anarudi — anataka auzie kule!

Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Tukalibeba belo mimi na yeye hadi kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe, kila mmoja ameshika ncha yake. Nikauliza Milembe. Anacheza, akasema. Nikauliza mama yake. Yupo, akasema.

Tulipopita nyuma ya bweni akatazama juu. Akasema, ahaa, ndilo ua lenyewe. Nikasema ndilo. Akasema hata kwetu lipo, kwenye ngitili ya baba, juu ya mkwaju. Lakini la kwetu ni jeupejeupe na madoa makubwa.

Nikaacha belo likadondoka.

Ngitili ni malisho ya mzee yaliyofungwa, ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikaze. Hakuna mtu wa kukata matawi pale wala Sista wa kugawa vipande. Na Lingeka ni mbali. Jeupejeupe, madoa makubwa — huo ni mmea mwingine kabisa! Nikamuuliza lina maua sasa? Akasema limejaa. Akaniangalia sana. Akauliza, shemeji, uko sawa?

Maua yangu ya mwisho hayatakaa wiki mbili. Na mmea ninaoutafuta umeota uani kwa watu ambao sasa hivi hawataki hata kuuona uso wangu. Mji mzima una okidi isiyofaa, na inayofaa iko bukwilima, ukweni kwangu! Ingeota popote pengine!

Alhamisi, 20 Julai 1995

Nitakwenda. Ni ukweni kwangu, siibi. Nitawasalimu, nitamwona mtoto, nitaongea na Ng'washi tuyamalize, na chavua nitaichukua pale pale. Safari moja, mambo mawili. Sioni ubaya.

Nimeandaa kisanduku cha kiberiti na karatasi laini ndani.

Jumapili, 23 Julai 1995

Niandike yote kabla sijaanza kujitetea.

Nilifika Lingeka jana kabla ya mchana, nimejaa vumbi, nimepanda lori hadi Mwanhuzi na baiskeli ya kukodi njia iliyobaki. Mzee Mayige alikuwa kivulini anasuka kamba ya ngozi. Nikamsalimu, mwadila baba. Akaitikia, mwadila sana. Akanipa kigoda. Mama mkwe akapita kwa mbali amejifunika khanga upande wa kwangu, kama heshima inavyotaka. Milembe akaja mbio akanikalia mapajani. Amenenepa! Ananuka maziwa.

Nikasikia kuku anakimbizwa nyuma ya nyumba. Maduhu akaitwa kutoka kwenye pamba. Wakaja na baba wadogo wawili wa jirani, wakakaa. Ndipo nikaelewa — kikao. Walikuwa wananisubiri tangu ile wiki ya kwanza. Kwao haikuwa kama nitakuja, ni lini tu.

Mzee akasema, mkwe, tumefurahi. Mtu akikaa kimya mno watu wanaanza kusema. Sasa umekuja. Sema neno lako.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Lakini kutoka pale kwenye kigoda unaiona ngitili, na mkwaju, na juu ya mkwaju — yale maua. Mengi! Yamening'inia kama taa za sikukuu. Jua lilikuwa kali, nikawaza yanazeeka saa hii hii. Nikasema: baba, kabla ya yote, naomba ruhusa nichukue maua machache pale juu.

Mzee aliacha kusuka kamba. Milembe akainua kichwa kunitazama.

Mzee akauliza, maua? Nikasema ndiyo, si mengi, nahitaji ule unga wa ndani tu. Baba mdogo mmoja akacheka kidogo kwa pua, akamwambia mwenzake kitu kwa Kisukuma cha ndani. Kisukuma ni changu pia, nimezaliwa Nassa. Alisema: anataka dawa ya kumfunga mtoto wetu. Kumbe kule watu wanalichuma kwa kazi hiyo. Maduhu akasimama. Akasema, shemeji, kama ni hivyo toka sasa hivi, usimroge dada yangu.

Nikaanza kueleza. Chavua, ovari, mmea mmoja, parokia. Nilikuwa nachanganya maneno ya darasani, nasikia mwenyewe yanavyosikika. Kila nilivyoeleza nilizidi kuwa mchawi.

Ndipo Ng'washi akatoka jikoni. Mikono ina unga. Akapiga goti kwa baba yake, akasema, baba, si dawa. Hajui dawa huyu. Akawaeleza. Kwa Kisukuma, kwa maneno rahisi kuliko yangu yote: ua lake la Bariadi likijipa mbegu lenyewe halizai, tunda linaporomoka. Anataka mbegu ya kiume ya ua lisilo ndugu yake, aone kama litazaa. Ni miaka mitatu sasa. Mwaka wa kwanza nilimwambia kwetu lipo, baba. Mwaka wa pili nikamwambia tena. Alikuwa anasahihisha madaftari, akasema hmm.

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Walimwelewa mara moja. Mzee akasema, kumbe ni kama dume la kuazima.

Ng'washi akasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu hospitalini. Akasema kwa Kiswahili, ili iwe yangu tu:

"Afadhali ingekuwa dawa, baba Milembe. Ningejua umekuja kwa ajili yangu."

Akarudi jikoni.

Kuku alikwishachinjwa, akapikwa, akaletwa. Nilikula. Sikumbuki ladha. Hakuna aliyesema tena neno la ndoa. Mzee alisema tu, kwa upole ulioniumiza kuliko ukali, Maduhu, mpeleke mkwe akachukue alichofuata.

Nikapanda mkwaju. Hii ndiyo aibu ninayotaka iandikwe: nilipofika juu nilifurahi. Maua makubwa, karibu meupe, madoa ya kahawia mapana kama kucha, harufu nzito. Vidonge vya chavua vilitoka safi. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Kwa dakika kadhaa sikuwaza kitu kingine chochote.

Niliposhuka, Ng'washi alikuwa ameshakwenda kuchuma pamba. Milembe akanisindikiza hadi kwenye baiskeli. Akauliza, baba, umekuja kutuchukua? Nikasema leo hapana. Akauliza kwa nini. Nikasema, mama ana kazi. Akasema, hana.

Jumatatu, 24 Julai 1995

Nimeweka chavua ya Lingeka kwenye maua yaliyobaki, asubuhi kabla ya kengele. Nimeyafunga uzi mweupe. Hakuna darasa lililokuwepo, sikuita mtu.

Ijumaa, 4 Agosti 1995

Uzi mweupe umeshika. Uzi mwekundu pia bado upo. Kwa macho havina tofauti. Sijui nilitegemea nini.

Nimepeleka barua kwa dereva wa lori. Nilianza na habari ya okidi, nikaichana. Nikaanza na pole, nikaichana. Iliyokwenda inasema: Ng'washi, nimefikiri, karibu nyumbani. Sasa hivi usiku — hapana, ni jioni tu, giza limewahi — nimeikumbuka na nimeona jinsi ilivyo ya kipumbavu. "Nimefikiri." Kama mkuu wa shule!

Jumapili, 13 Agosti 1995

Hakuna jibu. Dereva anasema aliikabidhi mkononi. Nimemuuliza, alisema nini? Alisema asante, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaendelea kupanga nguo. Anauza mnadani Mwanhuzi, anasema dereva, ana watu! Alisema kana kwamba ananipongeza.

Mkuu ananitaka nifundishe na fizikia. Mbadala wa Mhoja hajapatikana. Nimesema sawa. Nimechoka kukataa.

Alhamisi, 24 Agosti 1995

Limetokea.

Vya uzi mwekundu vimegeuka njano tangu Jumatatu, leo vyote viko chini. Vya uzi mweupe viko juu, kijani, vigumu, vinene kama kidole gumba, vimeinamisha shina. Nimevishika kimoja kimoja. Havitikisiki. Ile ya Lingeka! Mmea ule ule, shina lile lile, maji yale yale, jua lile lile. Tofauti ni chavua tu. Miaka mitatu nasubiri kuona hiki kitu.

Nimewapeleka Kidato cha Tatu. Nimewaonyesha vya chini na vya juu. Nimewaeleza kosa langu la parokiani bila kuficha. Wameandika. Mmoja akauliza kama itatoka kwenye mtihani. Nikasema haitatoka. Wakafunga madaftari.

Mkuu akasema hongera, akiwa anatafuta funguo za stoo.

Nikarudi nyumbani na habari yangu. Nilifungua mdomo mlangoni kabisa, nikaanza kusema "mama Mile" — halafu nikaona kiti kitupu.

Nani mwingine hapa Bariadi alikuwa anajua hata swali lilikuwa nini? Sista Apolonia, kidogo. Yeye Ng'washi, lote. Alilijua kiasi cha kuwaeleza wazee akiwa na unga mikononi. Nami nikidhani hanisikilizi. Kumbe asiyesikiliza ni nani!

Jumamosi nakwenda Mwanhuzi. Sibebi kiberiti.

Jumatatu, 28 Agosti 1995. Mwanhuzi

Nipo bado hapa. Naandika kwenye benchi la mama ntilie, kwenye karatasi ya kufungia vitumbua, nitaibandika baadaye.

Jumamosi nilimkuta mnadani, katikati ya ng'ombe na vumbi. Ametandika turubai, nguo mlima. Anaimba bei, anawatania wazee wa ng'ombe: baba, jaribu koti hili, ng'ombe wako hatakutambua! Watu wanacheka, wanafungua mifuko. Sikuwahi kumwona hivi. Sikuwahi kwenda kumwona.

Nilisimama mbele yake. Akasema, sogea, unaziba nguo. Nikasogea. Nikasimama pembeni mpaka jua likapinda. Mteja mmoja akanidhania mchuuzi, akaniuliza suruali hii inamtosha mtu wa kiuno gani. Nikasema subiri, nikamuuliza Ng'washi. Akanijibu bila kugeuka. Mteja wa pili nikajibu mwenyewe. Nilikosea. Akanisahihisha.

Jioni tukafunga turubai. Nikamwambia nilichokuja nacho. Sikukipanga safari hii. Nilimwambia: uliniambia kichwa kikimuuma tu nimpeleke, nikampa chai nikapanda ngazi. Na kwa nesi nilidanganya. Sina la kuongeza.

Alikuwa anakaza fundo. Akasema, hilo ndilo nililolisubiri kwenye ile barua. Halafu akasema, kamba hii haikazi, shika hapa.

Jana Jumapili nikadhani atazungumza. Tulikwenda Lingeka, nikasalimu, mzee akanipokea kama mtu aliyepita tu. Milembe alinionyesha ndama. Ng'washi akawa anapiga pasi ya mkaa, nguo juu ya nguo. Ghafla, bila kuinua kichwa:

"Limeshika?"

"Limeshika."

"Na yale mengine?"

"Yamedondoka yote."

Akapiga pasi mkono mzima wa shati, akageuza, akapiga na wa pili. Akasema, ungeniuliza. Nikasema ndiyo. Hakuna zaidi. Siwezi kuandika kwamba alitabasamu, sikuona, alikuwa ameinama.

Nikamuuliza, utarudi Bariadi? Akasema, nirudi kwenye nini? Nilitaka kukasirika. Nimekuja, nimesema, nimebeba — sasa anataka nini tena? Nikameza.

Leo alfajiri tumerudi hapa na belo jipya, yeye, mimi na Maduhu. Kipindi cha kwanza cha Kidato cha Tatu kimeshaanza na mwalimu hayupo. Cha pili ni fizikia, hayupo vilevile. Mkuu atakuwa anatafuta funguo na mimi pia.

Ng'washi ametandika turubai upande wa kivuli. Amenipita hapa kwenye benchi, akasema kuna mnada mwingine Alhamisi, mbali kidogo, Maduhu haendi, ana pamba. Akasema belo ni zito. Kisha akarudi kwenye nguo zake.

Je, hilo lilikuwa ni ombi? Au anahesabu tu watu wa kubeba? Angesema moja kwa moja! Mtu anasemaje "belo ni zito" halafu anaondoka!

Lori la Bariadi limewasha injini. Dereva ananijua, anapiga honi, ananionyesha nafasi ya mbele. Nimemwinulia mkono asubiri. Ng'washi ameisikia honi, ameuona mkono. Ameinua koti la kahawia, analikung'uta, analikung'uta, vumbi lilishaisha zamani. Nimemwashiria dereva aende.